Chuchumaa kwanza: siku yangu moja dukani Moshi

Saa 11:30 alfajiri

Juni ikishaingia, Moshi si ile ya jasho mnayoijua. Ukungu umelalia mapaa, mlima hauonekani, nami natoka uani na khanga mabegani kwenda kugusa kaptula. Zipo kumi na moja kwenye kamba, za baiskeli, zile zenye kigodoro katikati. Kila moja naiminya kigodoro chake kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Kitambaa hukauka usiku mmoja, kigodoro hakikauki. Nne bado zina unyevu, basi hizo hazitoki leo. Mtu akikalia unyevu juu ya tandiko nusu siku, atarudi anatembea kama aliyetahiriwa juzi, na lawama zote zitaniangukia mimi.

Kwa wasionijua: nilikuwa fundi cherehani mtaa wa Pasua miaka tisa. Mwenye duka la kukodisha vifaa vya mlima na baiskeli akaniita nije nimshonee mazipu mwezi mmoja. Mwezi ule mpaka leo haujaisha, na huu ni mwaka wa sita. Nashona, nafua, nanunua, ila kazi yenyewe hasa ni kuvisha watu.

Saa 1:00 asubuhi

Memorial, soko la mitumba. Ukichelewa unakuta makombo, maana wakishafungua balo, vitu vya mlimani huondoka kabla chai haijapoa. Wenye maduka ya kukodisha tunajuana kwa sura, na kila mmoja anajifanya kapita tu.

Kaka mmoja ananishikia fulana ya kijivu: "Dada, sufu tupu hii, kamata!" Lebo imeshakatwa. Nampa elfu moja ya kiherehere, nachomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, nawasha kiberiti. Sufu hujikunja kuukimbia moto, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyasaga kwa vidole yanakuwa unga. Poliesta huyeyuka, ikipoa inaacha kishanga kigumu. Pamba huwaka upesi na kunuka karatasi. Huu uzi umenuka kama saluni siku ya pasi ya moto. Naichukua, naongeza mbili za poliesta.

Za pamba naziacha hata zikiwa nzuri kiasi gani. Hapa mjini pamba ni rafiki, ila mlimani inakunywa jasho na kulikalia. Ukisimama kupumzika, jasho lile linageuka maji baridi mgongoni, na juu kule hakuna jua la kukaushia. Kwa makadirio ya kawaida, kila mita 1,000 unazopanda zinakupunguzia nyuzi 6 hivi za joto. Sisi tuko chini ya mita 1,000, kilele cha Uhuru kipo 5,895. Piga hesabu mwenyewe, kisha uniambie unakwenda na jinzi.

Saa 2:30 asubuhi

Walimu sita kutoka Tanga, wako likizo, wanaendesha baiskeli kupita msitu wa Rau na kando ya mashamba ya mpunga. Wanaingia kwa vicheko, kila mtu anataja namba yake: mimi laji, mimi midiamu. Namba huwa sizisikilizi. Laji ya kiwanda kimoja ni midiamu ya kingine, na mitumba imeshafuliwa mara ngapi huko ilikotoka, nani ajuaye? Mimi nasema: vaa, halafu chuchumaa.

Mtu akisimama mbele ya kioo kila nguo inampenda. Kwenye baiskeli hutasimama. Kwa hiyo anachuchumaa, natazama kiuno nyuma kinashuka mpaka wapi. Ananyoosha mikono mbele kama ameshika usukani, natazama mikono ya koti imekimbilia viwiko au imebaki kwenye vifundo. Koti zuri la baiskeli ukilivaa wima linaonekana limekosewa, refu nyuma na fupi mbele. Ukiinama ndiyo unaelewa fundi alikuwa na akili.

Halafu kuna ile habari ya kaptula, ambayo kila mara nawavuta pembeni, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Haivaliwi na chupi ndani. Wanacheka, wanaona aibu, mmoja anasema, "Dada, mimi nimelelewa vizuri." Namwambia nami pia. Lakini chupi ina mishono, na mshono ukisuguliwa na tandiko maelfu ya mara unakata ngozi kama msumeno mdogo. Kigodoro kimewekwa pale kikae kwenye ngozi, ndiyo maana nakifua kwa sabuni nyepesi na sitii ile dawa ya kulainisha nguo, inayoacha utelezi kwenye nyuzi na kuzizuia kunyonya jasho. Anayeona haya avae suruali pana juu yake, hakuna atakayemuuliza.

Mwalimu mmoja amevaa hijabu na anaogopa helmeti haitamkaa. Nimeshavisha wengi. Namwomba atoe pini mbili za kwenye paji, maana helmeti ikikaza pini inazama kichwani, na abadilishe mtandio mzito kwa ile kofia ya ndani, nyembamba, ya kuvuta. Ncha za mtandio anazichomeka ndani ya koti zisipepee. Helmeti inakaa sawa juu ya paji, vidole viwili kutoka kwenye nyusi. Kamba zinakutana chini tu ya sikio, na chini ya kidevu unabaki upenyo wa kidole. Namwambia atikise kichwa kama anakataa posa. Haikuyumba.

Mwenzake kakataa kuvua jinzi. Nimemkunjia mguu wa kulia usiliwe na mnyororo, nikamwacha. Mtu mzima haongozwi mara mbili.

Saa 5:00

Mazipu. Watu wanatupa koti zima kwa sababu zipu "imekufa", kumbe kilichochoka ni kichwa chake. Meno yakiwa mazima, shika koleo, bana kichwa kidogo upande wa nyuma, kushoto na kulia, kwa upole kama unavunja njugu bila kuponda punje. Kikishika tena meno, umeokoa koti. Leo nimeokoa manne, la tano nimelivunja kwa kiherehere changu.

Saa 7:00 mchana

Mtori. Mama wa mgahawa kaweka nyama ya kutosha. Tuendelee.

Saa 9:30 alasiri

Kijana wa miaka ishirini hivi kasimama mlangoni haingii.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu ndani, buti hazing'ati."

Kesho ni safari yake ya kwanza ya upagazi, njia ya Machame. Koti na suruali ameazima bure kwa KPAP, ule mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, na wamempa vitu vizuri. Buti kaazimwa na binamu yake. Aliyemwita kazini kamwambia "mengine yatajulikana huko huko". Sitamtaja, ila maneno hayo nimeyasikia kwa wengi, na msemaji huwa amevaa buti nzima.

"Zinakutosha?"

"Kabisa dada. Namba arobaini na mbili, na mimi navaa arobaini na mbili."

Miguu ya mtu napenda kuipima muda kama huu, baada ya kutembea kutwa, kwa sababu imeshavimba kidogo, na mlimani itavimba hivyo hivyo. Nikampa soksi nene atakazopanda nazo, siyo zile nyepesi za kwendea kanisani. Akavaa buti bila kufunga kamba, akasukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Kidole changu kilitakiwa kupita nyuma ya kisigino. Hakikupita hata ukucha.

Pale dukani tuna ubao wa mteremko aliotuchongea seremala, mrefu kama kitanda. Nikafunga kamba, nikamtwisha begi lenye kilo kumi za mchele, nikamwambia ashuke. Hatua ya tatu akakunja uso.

"Vidole vinagonga?"

"Kidogo tu dada."

Kidogo tu! Kwenye Machame wagumu, yaani wapagazi, wanashuka kwa njia ya Mweka. Kutoka kambi ya Barafu hadi kambi ya Mweka ni zaidi ya mita 1,500 za kuteremka, na mzigo wa mpagazi unaruhusiwa kufika kilo 20. Kila hatua vidole vinapiga nyundo mbele ya kiatu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitaka nami nionje mlima, nikapanda mpaka kambi ya Horombo na buti za dada yangu zilizonitosha "kabisa". Kupanda niliimba. Kushuka nililia. Kucha za vidole gumba vyote viwili ziligeuka nyeusi, zikang'oka wiki ya tatu, na mpaka leo ya kushoto inaota imepinda. Nilivua ndala nikamwonyesha. Akacheka, akaniomba radhi kwa kucheka.

Tulijaribu jozi nne. Ya kwanza nyembamba, unyayo wake mpana kama wa mtu aliyekua pekupeku. Ya pili kisigino kilicheza, na kisigino kinachocheza ni lengelenge linalosubiri. Ya tatu soli ilikuwa imekauka. Hizi zilizokaa rafu miaka mingi hazionyeshi kitu, zinaachia siku ya pili ya safari. Nikaikunja kwa mikono, gundi ikapasuka mbele yetu wote wawili. Ya nne ni arobaini na tatu na nusu. Nikamwonyesha jinsi ya kufunga: wakati wa kupanda kamba za juu zilegee kidogo, wakati wa kushuka aweke fundo kwenye kifundo cha mguu, akaze hapo, mguu usiteleze kwenda mbele. Akapanda ubao, akashuka, akarudi juu akashuka tena bila kuambiwa.

Hakuwa na pesa yote. Akaacha buti za binamu ziwe rehani.

Saa 11:15 jioni

Walimu wamerudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wa hijabu anataka kujua helmeti ile inauzwa. Wa jinzi anashuka kwenye baiskeli kwa awamu. Nyuma ya magoti, pale kitambaa kinapojikunja, kumechubuka pande zote mbili, na kwingineko sikuuliza. Hakusema kitu, nami nikamchotea mafuta ya mgando kimya kimya.

Mmoja kaanguka kwenye mchanga wa Rau, yeye hana hata mchubuko, ila helmeti ina ufa mwembamba kama unywele ndani ya povu. Kanionyesha mwenyewe, na nimemshukuru sana, maana mwaka jana mteja alibandika stika juu ya ufa akarudisha akitabasamu. Helmeti ikishagonga mara moja kazi yake imekwisha, hata ikibaki inang'aa. Nachukua mkasi nakata kamba zote mbili kabla ya kuitupa, la sivyo kesho mtoto wa mtaani ataiokota, aivae, aamini anacho kitu kichwani.

Saa 2:00 usiku

Beseni, sabuni nyepesi, kaptula tano zimegeuzwa nje ndani. Slipingibegi mbili zilizorudi kutoka Marangu nimezitundika wazi badala ya kuzisindilia mfukoni, ili zivimbe tena.

Chini ya meza kuna buti za binamu. Nimezigeuza, soli ya kushoto imeanza kuachia kwenye ncha. Nimezitia gundi, nimezifunga kwa mpira wa baiskeli uliokatwa, nimeziwekea tofali juu. Kijana anarudi baada ya siku saba, mpaka hapo zitakuwa zimeshika.