Herufi A nimeihamishia dole gumba

Kila niliyemwambia mkono unauma alikuwa na dawa yake. Shoga yangu wa mtaa wa Jadida akanipa chupa ya mafuta ya makonyo ya karafuu. Yanachoma, yanatia ganzi, na kwa muda unajiona umepona. Kisha maumivu yanarudi pale pale, vitufe vya laptopu vinabaki vinanata na herufi zake zinaanza kufutika. Mwengine akasema nifunge bandeji. Mwengine, huyu ni msomi, akasema nipumzike. Nipumzike nile nini? Mie kazi yangu ni kunakili mahojiano: watafiti wananitumia sauti za watu wakizungumza, nami naziandika neno kwa neno, hapa hapa Wete, Pemba, kuanzia baada ya chai mpaka adhuhuri, na wakati mwengine mpaka usiku.

Aliyeniudhi zaidi ni mtoto wa dada yangu, yuko Unguja, anajua kila kitu kuhusu kompyuta. "Mama mdogo, nunua kibodi ya kimekanika tu, mkono utapona wenyewe." Akaitafuta mwenyewe sokoni Darajani, akaitia kwenye boti, mie nikatuma pesa.

Ilikuwa na swichi za buluu. Asiyezijua namweleza: ndani ya kila kitufe kuna springi na kijidude kinachopiga "tak" kila ukibonyeza. Siku ya mwanzo nilifurahi, siongopi. Kibodi ya laptopu unabonyeza hujui umebonyeza au hukubonyeza, hii inakujibu. Basi nikawa napiga kwa raha, napiga kwa nguvu, mpaka bi mkubwa akatoka ukumbini na fagio kwenda kuwafukuza watoto wanaovunja kokwa za kungu dirishani. Hapakuwa na mtoto. Akarudi, akasimama mlangoni mwangu, akasikiliza. "Kumbe ni wewe!" Tangu hapo ilikuwa marufuku baada ya isha. Mume wangu hakusema kitu, alihamisha mto tu chumba cha pili. Na mteja mmoja niliyezungumza naye kwa simu huku naandika aliniuliza kama mvua imeshaanza huko Pemba.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mkono ulizidi, kwa sababu ya umbo lake. Kibodi ile ilikuwa ubao ule ule mrefu, na upande wa kulia imeongezwa tarakimu zinazokusukumia kipanya mbali. Weka mikono yako sasa hivi juu ya kibodi ya kawaida utazame vifundo vya mikono: viganja vimekutana katikati ya kifua, kisha vimepindishwa kwenda nje, upande wa kidole cha mwisho. Kaa hivyo saa nzima. Swichi iwe ya dhahabu, kifundo kimepinda kile kile. Hili mjuzi wetu hakulitaja.

Niliyoichukua baadaye imekatwa vipande viwili, kila mkono na chake, na waya katikati. Unaviweka mbali, sawa na upana wa mabega, na vifundo vinanyooka vyenyewe. Vitufe vyake vimepangwa wima, vimenyooka. Kwenye kibodi za kawaida kila mstari umesogea upande kidogo, na huo ni urithi wa mashine za chapa. Ile ya Sholes, Mmarekani, iliyotengenezwa na kiwanda cha Remington ikaingia sokoni 1874, kila kitufe chake kilikuwa na wenzo wake, na nyenzo zilihitaji nafasi ya kupishana. Nyenzo zimeondoka, msogeo umebaki.

Ilitoka China, ikapita Dar, ikapita Unguja. Bei laki tatu na ushei, ukitia ushuru na mizigo sijui, sikutaka kujumlisha. Swichi niliagiza za kahawia, zile laini. Hazipigi kelele, kidole kikishuka kinakutana na kinundu kidogo, basi. Kwa zile za Cherry, kampuni ya Ujerumani ambayo wengi wanaiga, unahitaji nguvu ya gramu 45 mpaka 55 hivi, na herufi inaingia kidole kikiwa kimeshuka kama milimita 2 tu kati ya 4. Zilizobaki ni za bure. Wapo wanaozidharau, wanasema kinundu chake ni kama mchanga umeingia. Waache. Kwa kazi ya kutwa nzima kinundu hicho kinatosha kukwambia "imeingia, inua". Ila lazima uwe na subira nacho: aliyezoea kugonga mpaka chini ataendelea kugonga mpaka chini, na hapo laini na ngumu ni mamoja.

Kibodi yangu haikuja na miguu ya kuiinua upande wa ndani, na viganja havipendi kulala kifudifudi kabisa. Nikaenda kwa seremala, nikamwomba kabari mbili za mbao. "Za mlango gani, bibie?" Za kibodi. Alinitazama, akachonga. Hela ya soda. Nikabandika vipande vya ndala kuukuu chini yake zisiteleze.

Sasa ndiyo nifike ninapopapenda. Kidole kilichokuwa kinaniuma kuliko vyote ni cha mwisho, mkono wa kushoto. Kwa nini hicho? Andika: "Wakulima wa karafuu wanasema bei haijapanda." Hesabu. Herufi 38, na 12 kati yake ni A. Na A inabonyezwa na nani? Na kidole kidogo kuliko vyote, tena cha kushoto. Waliopanga herufi zile waliwaza Kiingereza, ambacho herufi yake inayotumika zaidi ni E, na E imepewa kidole cha kati, pande la mtu. Sisi tumemtwisha mtoto gunia. Hakuna hata mmoja katika washauri wangu wote aliyeliona hili, wala daktari.

Na kibodi hizi zilizogawanywa zina vitufe vya dole gumba, zaidi ya kile kimoja cha nafasi. Dole gumba la kulia likabaki na nafasi. La kushoto, ambalo maisha yake yote lilikuwa limekaa bure, nikalipa A. Kuna programu ya bure, VIA, unachagua kitufe kwenye picha, unakipa herufi unayotaka, na mpango unabaki ndani ya kibodi yenyewe hata ukiichomeka kwenye kompyuta ya jirani.

Wiki za mwanzo nilikuwa kichekesho. Kila kwenye A palikuwa na kitu chengine. Nilimtumia mteja salamu isiyosomeka, akajibu kwa Kiingereza. Na mpaka leo nikishika laptopu ya mume wangu natoa nafasi tupu mahali pa A, ananinyang'anya. Lakini kidole kile sasa hakiumi, na bandeji nimempa bi mkubwa afungie goti.

Halafu Q na X, ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, nimezisogeza tabaka la pili, yaani mpaka ushikilie kitufe chengine ndipo zitoke, kwa ajili ya nywila tu. Mahali pa Q, kubonyeza mara moja kunatoa ng' nzima, pamoja na ritifaa yake, kwa hiyo ng'ombe na ng'ambo zinakwenda mbio. Mahali pa X bado pako wazi. Nilitia dh, nikaona haitumiki sana. Sasa najaribu "kwamba".