Nilipungua kilo 19, zikarudi 23, sasa na mimi naomba nisikilizwe

Nianze na hasira kwanza ndo nitaandika vizuri. Mtu ambaye hajawahi kunenepa tangu azaliwe asinishauri tena. Nimechoka na "punguza tu kula, huna nidhamu". Nidhamu? Mimi nimekula kabichi na mayai ya kuchemsha miezi mitano, usiku naota mkate, halafu unaniambia nidhamu. Ninayo ya kukopesha watu. Shida ni kwamba nilichokua nafanya hakifanyiki na mtu mwenye kazi, watoto na usingizi.

Mara ya kwanza nilifuata kocha wa mtandaoni, kalori 900 kwa siku, hela nililipa ya maana sitaki hata kukumbuka. Wiki ya kwanza kilo 4 zikaondoka, nikapiga picha mzani nikatuma kwa kila mtu hadi kwa watu tusiosalimiana. Kumbe nyingi zilikua maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashika kama gramu 3 za maji, ukikata wanga ghafla akiba inaisha na maji yanaondoka nayo. Kocha nadhani alijua, ila angeniambia ningemlipa mwezi wa pili?

Ilipofika kilo 19 nikafanya ujinga ambao mpaka leo nacheka peke yangu. Nilikusanya nguo zangu kubwa zote, nikamkabidhi dada yangu mkubwa na hotuba juu, eti "chukua, mimi huko sirudi tena". Akazipokea kimya kimya. Hicho kimya ningekielewa mapema ningejiokoa.

Sasa nisikilize usiku wa ukoko. Saa nane za usiku, nyumba yote imelala, mimi macho makavu naangalia video za mapishi kwenye simu, keki zinamiminiwa chokoleti, nyama inageuzwa, siku ya ngapi sijui nalala hivyo hivyo. Nikakumbuka kuna sufuria ya wali jikoni, watoto wamekula wamebakisha ukoko. Nikaenda kwa kunyata, taa siwashi, nikachukua kijiko nikaanza kukwangua taratibu, krr, nasimama nasikiliza, krr tena. Ukoko mgumu, umeshika, na mimi nishakolea, nikaikumbatia sufuria kifuani kabisa ili isilie. Taa ikawaka. Mume wangu amesimama mlangoni na kiatu mkononi. Akaniangalia, akaangalia sufuria, akasema "nilijua panya". Akazima taa akarudi kulala. Bora angenisema.

Kesho yake nilikula kila nilichokatazwa, na keshokutwa, na ndani ya miezi minane kilo 19 zilikua zimerudi na wenzao wanne. Nikampigia dada kuuliza zile nguo. "Ziko kwenye begi mdogo wangu, sijafungua hata zipu, nilikua nakusubiri."

Nilijichukia sana kipindi kile mpaka nikasoma habari ya wanaume 36 kule Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Walijitolea kwenye utafiti, wakapunguziwa chakula karibu nusu kwa wiki 24. Watu wazima wenye afya zao, baadhi wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kuota chakula, na waliporuhusiwa kula tena wengine walikula hawashibi. Nikasema heee, kumbe hizi video zangu za keki sio uchizi, ni njaa! Na kuna utafiti mwingine wa 2011, watu walipungua, wakapimwa tena baada ya mwaka mzima, homoni za njaa bado ziko juu na za shibe ziko chini. Yaani mwili unadai deni. Kumtukana mtu wa hivyo eti mlafi ni uonevu.

Basi mara hii nikaapa sifanyi kitu ambacho siwezi kukifanya siku mbaya. Siku mtoto anaumwa, bosi kakasirika, nimelala masaa manne, kitu hicho nitakifanya? Kama hapana, sikianzi kabisa.

Chakula sijakataza hata kimoja, wali nakula, mkate nakula. Nimeongeza maharage, mayai, samaki na mboga mpaka zikachukua nafasi kwenye sahani, maana protini inakaa tumboni. Ila kuna kitu kimoja ambacho ni kidogo mpaka aibu kukisema: napakua, nafunika sufuria, naiweka mbali, ndo nakaa kula. Zamani sufuria ilikaa mezani karibu na mimi kama mgeni wa heshima, naongeza kijiko, naongeza kijiko, unakuta nimekula sahani mbili na nusu na akilini ni moja. Sasa nikitaka kuongeza ruksa, ila niinuke. Mara nyingi uvivu unashinda ulafi, na uvivu mimi ninao wa kutosha.

Mazoezi ndo najisifu hapa. Jimu nililipia mwaka mzima nikaenda mara sita, hivyo usiniambie jimu. Sasa huyu dada yangu akipiga simu hashuki chini ya dakika arobaini. Anaanza na salamu, anaingia kwenye mgogoro wa mawifi, anaacha, anarudi, anakumbuka kitu cha miaka kumi iliyopita. Nilikua nasikiliza nimejilaza na kitu cha kutafuna pembeni. Siku moja nikajiwekea sheria: simu ya dada haipokelewi nimekaa. Ikiita tu, viatu, spika za masikioni, nje. Anapiga kama mara nne kwa wiki, piga hesabu mwenyewe. Shirika la Afya Duniani wanataka angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, mimi nazimaliza kwa umbea na chenji inabaki. Wiki za kwanza alikua anauliza "mbona unahema, unalia?" nikamwambia napanda ngazi. Miezi miwili nikawa napanda ngazi. Siku alipogombana na wifi mkubwa nilitembea saa nzima na dakika ishirini, nilirudi miguu inawaka.

Nikaongeza na misuli, maana ukipungua na misuli inapungua. Mara mbili kwa wiki nasukuma ukuta na kuchuchumaa na kuinuka wakati maji ya chai yanachemka, basi. Na wale wa "siku 21 tabia inakaa" waache kudanganya watu. Kuna utafiti wa London walifuatilia watu 96, wastani ulikua siku 66, na makadirio yalianzia siku 18 mpaka 254. Mimi kuvaa viatu bila kujishawishi kulinichukua kama miezi minne, na katikati nilikaa siku tisa bila kutembea kwa sababu ya mafua. Zamani siku tisa ingekua ndo mwisho, ningesema nimeshaharibu, bora niharibu vizuri. Safari hii siku ya kumi nikatembea dakika kumi nikarudi.

Mzani napanda Jumatatu asubuhi tu, siku nyingine uko chini ya kitanda. Kama unatumia dawa za sukari au presha ongea na daktari wako kabla hujabadilisha kula, hilo sio la kubahatisha. Na lala bwana, nikikosa usingizi kesho yake natafuna mpaka vifuniko.

Mwaka na nusu sasa, kilo 12 zimeondoka, kwa mwendo wa konokono, kuna miezi haikutoka hata moja. Lile begi la nguo bado liko kwa dada na sijamwambia agawe, hotuba nilishaacha.

Ila wiki iliyopita alipatana na mawifi wote. Siku nne simu kimya. Ya tano nikavaa viatu nikampigia mwenyewe, nikamuuliza, "hivi yule wifi aliwahi kurudisha ile sufuria yako?"