Mwekundu upi?

Leo asubuhi nilikwenda dukani kununua uzi wa kushonea gauni la mama lililofumuka pindo, nikaomba uzi mwekundu.

Muuzaji, mama wa makamo mwenye subira, akaniuliza: "Mwekundu upi, mwanangu?"

Akanipangia nyuzi mezani, kando ya za kijani zilizokuwapo: mmoja wa damu ya mzee, mwingine wa rangi ya pilipili iliyoiva, mwingine unaokaribia chungwa.

Nilipitisha kidole juu yake nikitafuta uzi uliokuwa mwekundu tu, usio na wekundu wa namna fulani.

Haukuwapo.

Mwanafalsafa W. E. Johnson wa Cambridge alilichambua jambo hili mwaka 1921. Kwa kawaida cha namna fulani hufasiliwa kwa kukiongezea cha jumla sifa: kwa fasili ya kale, binadamu ni mnyama aliyeongezewa akili. Lakini damu ya mzee si wekundu ulioongezewa kitu cha pili, kwa sababu huwezi kukitaja kilichoongezwa bila kuirudia rangi ile ile. Tena sehemu moja ya uzi haiwezi kuwa na rangi mbili kati ya hizo kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, kidole changu kiligusa nyuzi zote nyekundu na kuziruka za kijani, nami naelekea kuamini kwamba wekundu wa jumla umo kweli ndani ya uzi, ingawa hauonekani kamwe peke yake.

Ndugu zangu, mnaonaje: wekundu huo upo, au kilichopo ni nyuzi zinazofanana tu?