Tulivyoinunua ardhi iliyo chini ya nyumba zetu, Malindi

Mwaka 2014 nilinunua nyumba ya vyumba vinne, ya udongo na makuti, hapa Malindi. Tuliandikiana mbele ya mzee wa mtaa, na nilipomaliza kutia sahihi akaniambia: "Mwanangu, nyumba umenunua, ardhi hukununua." Tangu siku hiyo nikawa nampelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja, shilingi 300 kila mwezi.

Watu wa bara hushangaa, lakini kwetu Pwani nyumba ina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Ni desturi ya tangu na tangu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ikaja kuitia ugumu: waliopeleka madai yao wakapata hati, na wengi waliokuwa wakiishi na kulima bila karatasi wakajikuta juu ya ardhi ya watu. Desturi yenyewe siilaumu, kwa sababu bila hiyo nisingepata pa kulaza wanangu. Kilichoniumiza ni kukatazwa kujenga kwa mawe. Kila baada ya miaka michache ni makuti mapya na kukandika upya, na mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti, boriti nazo zikawa adimu.

Kisha mwenye ardhi akafariki, na warithi wakataka kuuza. Siku moja tukaona watu tusiowajua wanapima kwa futi kamba nyuma ya vyoo vyetu. Jioni ile ile tukakutana, nyumba 23, tukakubaliana tununue sisi.

Tulianza kwa sachi, yaani kukagua kumbukumbu za hati, katika ofisi ya ardhi: hati ni moja, haina deni. Halafu tukawasubiri warithi wathibitishwe katika Mahakama ya Kadhi. Walituhimiza tulipe mapema, tukakataa, na hapo naamini ndipo tulipookoka. Bei yangu ilitoka shilingi 150,000, ya kulipa kwa miaka mitatu. Nauza samaki wa kukaanga. Nililipa kidogo kidogo, na mara mbili chama chetu kilinibeba.

Pesa haikututesa kama vichochoro. Afisa wa mipango wa kaunti alituambia kiwanja hakigawanywi bila njia, na njia zetu watu wawili walikuwa wakipishana ubavu. Basi tukapita na kamba na majivu, nyumba kwa nyumba, tukichora njia itakapopita. Kila alama ilikuwa chumba cha mtu. Mimi nilipoteza baraza na jiko. Wanne walipoteza chumba kizima, na ajuza mmoja mjane njia ilimpitia katikati ya nyumba. Kikao kile kilikwenda hadi usiku, watu wakilia. Mwishowe jirani mwenye kiwanja kipana akasema, "Bibi aje kwangu upande wa mnazi." Akakata sehemu yake, nasi tukachanga boriti, makuti na nguvu za vijana, bibi akajengewa kabla ya nyumba yake kuvunjwa. Ramani ya mpima ardhi ilikuja baada ya hapo, ikaifuata ile mistari yetu ya majivu kwa tofauti ndogo tu.

Serikali inajenga ghorofa za bei nafuu, nami naziombea zikamilike. Lakini mitaa kama yetu nyumba zipo tayari, zimejengwa na wenyewe. Tunachohitaji ni hati, njia na maji, na afisa wa kuja kukaa nasi kama alivyokaa yule.

Hati yangu niliipokea mwaka 2023. Nyumba sita bado zinamalizia kulipa, na tumewawekea mfuko. Mimi nimesimamisha chumba kimoja cha mawe. Vingine bado ni udongo. Mwezi uliopita gari la kunyonya choo liliingia hadi mlangoni kwa yule bibi, naye akatoka na kiti chake akakaa kulitazama mpaka likamaliza kazi.