Usiyaanike makubadhi yako juani

Masika ndo hiyo, na watu nawajua. Mtu katoka msikitini, mvua imemkuta njiani, anafika nyumbani makubadhi yake, zile sandali za ngozi, yamelowa chapachapa anayarusha juu ya bati yakauke fasta. Jioni anayakuta yamejikunja, magumu kama ubao, halafu lawama anatupiwa fundi aliyeyashona. Jamani fundi kakosa nini hapo?

Ngozi ina mafuta ndani yake, ndo yanayoifanya iwe laini na ifuate mguu. Ikilowa halafu ukaipiga jua kali inasinyaa, mafuta yanapungua, na nyufa zinaanzia pale pale kidole gumba kinapokunja. Kwa hiyo futa kwanza na kitambaa, mchanga na tope utoe kwa brashi laini, chini ya mikanda shindilia magazeti yashike shepu, kisha yaegeshe kiubavu kivulini penye upepo ili na soli ipumue. Soli nene usiiharakishe hata kama juu pameshakauka. Na kama umekanyaga maji ya bahari, pitisha kitambaa chenye maji baridi kabla ya yote, maana chumvi ikikaukia humo inaacha madoa meupe. Yakishatokea, siki kidogo kwenye maji inasaidia.

Mafuta baadaye, yakiwa makavu kabisa. Mafuta ya nazi kila nyumba yapo na watu wanayamwaga hasa, mimi siyapendi sana kwa kazi hii, yanaitia ngozi weusi, yanashika vumbi na yakichacha harufu yake unaijua mwenyewe. Vaselini ya kupaka kwa ncha ya kidole inatosha, au dawa ya viatu isiyo na rangi. Ile nyeusi ukiipaka sehemu unayokanyaga utaikuta kwenye nyayo na kwenye pindo la kanzu nyeupe siku ya Idi, sasa hapo utamwambia nini aliyekufulia.

Halafu chooni hapana, kabisa. Wazee walikuwa na mitalawanda yao ya mbao kwa kazi hiyo, siku hizi ndala za plastiki bei chee, weka pea moja mlangoni basi.

Kabatini nako kuna kuvu, sisi wa pwani hatuwezi kuikimbia. Usiyafunge kwenye rambo za plastiki (najua Tanzania Bara zilipigwa marufuku 2019 ila kuna nyumba bado zina akiba chini ya godoro), yafunge kwenye kitambaa cha pamba yapate hewa. Kuvu ikishaota ifutie nje ya nyumba isije ikahamia kwenye nguo.

Uzi ukifumuka wahi kwa fundi mwenye msharasi, ile sindano kubwa ya ngozi, usijitie ufundi na supaglu, ile inakauka ngumu na kubanduka, halafu fundi anapata kazi mbili badala ya moja. Ukiwa hapo hapo mwambie akubandikie mpira mwembamba chini. Wenyewe wanaojua makubadhi watakucheka kwamba umeharibu mlio wake, waache wacheke, ila kama na wewe unautaka huo mlio basi soli ikiwa mpya isugue kwanza kwenye saruji, kwenye vigae inateleza hatari.