Malimbuko ya Malkia Anne

Shalom wapendwa. Wiki hii tumesoma 1 Samweli 1, Hana analia pale Shilo akiomba mtoto mpaka kuhani Eli anadhani mama wa watu kalewa, na tukiisoma hii sura huwa tunaikimbiza mpaka kwa Samweli, mtoto aliyepewa, haleluya, tunafunga Biblia. Mi leo naomba tukae na mama ambaye kwake Samweli hakubaki.

Malkia Anne wa Uingereza, alitawala 1702 mpaka 1714, ndo aliyekuwepo Uingereza na Uskoti zilipoungana 1707. Siasa tuziache. Huyu mama alibeba mimba 17, sijakosea kuandika, na nyingi zilitoka au mtoto alizaliwa ameshafariki. Mabinti wawili wadogo, Mary na Anne Sophia, walichukuliwa na ndui Februari 1687, wakipishana siku chache tu, na baba yao George nae yuko kitandani hoi. Kuna barua ya wakati ule inasema wale wazazi mara walie, mara waongee, mara wakae kimya wameshikana mikono, na Anne mwenyewe ndo anamuuguza mumewe.

Akabaki William, kazaliwa 1689, kichwa kikubwa, ngazi zinamsumbua, ila anapenda jeshi kufa, ana kikosi chake cha watoto wenzie wanacheza gwaride. Julai 1700 akatimiza miaka 11, akaugua baada ya bethdei, tarehe 30 akafariki. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria kwamba Anne asipoacha mtoto kiti cha enzi kiende kwa ndugu zake wa mbali wa Hanover, Ujerumani. Hebu fikiria tumbo lako linajadiliwa bungeni.

Na wapo waliosema ni adhabu kwa kumgeuka baba yake, mfalme James, alipong'olewa 1688. Kumgeuka alimgeuka kweli, hapo simtetei. Lakini Yohana 9 wanafunzi walipomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata huyu azaliwe kipofu, Bwana alikataa hesabu ya namna hiyo, sasa mbona dada zetu wanaambiwa vile vile, tena na watumishi, eti kuna laana ya ukoo hujaivunja, mama ametoka hospitali juzi jamani.

Kitu kinachonishika ni hiki. Februari 6, 1704, siku anatimiza miaka 39, mwanae wa mwisho ameshazikwa, Anne akatangaza kuachia malimbuko na zaka za makasisi. Utaratibu ulikuwa kasisi akipewa parokia anatoa mapato ya mwaka wa kwanza, alafu kila mwaka sehemu ya kumi, na hela hiyo zamani ilienda kwa Papa, mpaka mfalme Henry VIII mwaka 1534 akaivuta iingie kwake. Tangu hapo wafalme wengi walikula bila wasiwasi. Anne akasema isaidie makasisi maskini, maana wapo waliokuwa na parokia isiyowatosha hata kula. Wazo halikuwa lake peke yake, Askofu Burnet alishalipigia debe tangu utawala uliopita, ila saini ilitakiwa ya mwenye kiti na yeye ndo aliitoa. Ule mfuko uliendelea mpaka 1948 ulipounganishwa na mwingine wa kanisa.

Hana alimpeleka Samweli hekaluni kwa sababu alipewa. Huyu alitoa mikono mitupu, na sisemi baada ya hapo alijibiwa, hakujibiwa, 1708 akamzika na mumewe, na gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, ilikuwa imemtesa kiasi kwamba hata siku ya kutawazwa 1702 alibebwa kwenye kiti. Zaburi 88 iko hivyo hivyo, inaisha gizani na bado imo kwenye Biblia, isomeni yote wiki hii na msiifupishe.

Maombi ni Alhamisi saa 3 usiku kama kawaida, tutawabeba hasa waliopoteza mimba au watoto, wababa pia jamani tusiwasahau. Majina msiyataje hadharani, nitumieni pembeni.