Ripoti ya mwani na majina yaliyokuwa nyuma ya jumla

Asubuhi moja mhasibu wa kampuni inayonunua mwani kutoka kwetu alinipigia simu kuniuliza kama nilikusudia kumwonesha madeni ya wakulima. Nilimjibu kuwa faili nililompelekea lina jumla za vijiji tu. Akaniambia kwa upole wa mtu mzima, “Mwanangu, bofya mara mbili juu ya jumla ya Jambiani, kisha utazame.” Nikabofya. Karatasi mpya ilifunguka papo hapo ndani ya Excel, na juu yake ukapangika kila mstari wa daftari letu la Jambiani: jina la mkulima, namba yake ya simu, kilo alizopimiwa, na fedha tulizomkata kwa kamba tulizomkopesha.

Kabla ya kulituma faili lile nilikuwa nimeifuta karatasi yenye data ghafi, nikaamini kuwa kazi imekwisha. Kumbe jedwali la pivoti, yaani lile la Excel linalojumlisha data, hubeba nakala yake ya data, na nakala hiyo husafiri pamoja na faili hata chanzo chake kikifutwa, kwa sababu bila hiyo vichujio visingeweza kufanya kazi. Ripoti ya kubofya si picha. Ni mlango wa ghala, na anayepewa mlango hupewa na kilichomo.

Niliijenga upya kuanzia chini, na jambo la kwanza nililolirekebisha halikuhusu usalama hata kidogo. Ripoti ya zamani ilihesabu kwa miezi ya kalenda, ikawa inaonesha mapato yakipanda na kushuka bila sababu ambayo mtu yeyote wa pwani angeikubali. Kina mama huingia shambani wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, na mwezi mwandamo, wenye mabamvua mawili, huwa na siku 29 na nusu hivi. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kalenda unaweza kuangukiwa na mabamvua matatu na unaoufuata ukapata mawili. Isitoshe, mwani huanikwa siku kadhaa kabla ya kupimwa, hivyo mzigo unaofika mizanini leo ni wa bamvua lililopita. Nilitengeneza jedwali la tarehe lenye safu ya bamvua, nikaufunga kila mzigo na bamvua lake, na mchoro ukatulia. Tangu kilimo hiki kilipoanza kibiashara hapa Unguja mwaka 1989, wakulima wamekuwa wakihesabu hivyo; sisi wa ofisini ndio tuliochelewa.

Kuhusu kushirikishana, niliamua kwanza nini kisiingie kabisa. Mnunuzi anahitaji kilo, aina ya mwani, kijiji na bamvua. Hana haja ya jina wala simu, kwa hiyo ripoti yake inasoma jedwali ambalo limekwisha kujumlishwa kabla ya kuingizwa, na hata akibofya mara mia hakuna cha kufunguka. Pale kijiji kinapokuwa na mkulima mmoja au wawili tu wa aina fulani, nimekiunganisha na jirani yake, kwani jumla ya mtu mmoja ni mtu huyo huyo.

Makarani wetu ni jambo jingine, maana wao wanayahitaji majina. Kwao natumia Power BI, programu ya ripoti za mtandaoni, na kanuni inayoitambua akaunti iliyoingia, ili karani wa Micheweni aone mistari ya Micheweni pekee. Hapa nasisitiza, kwa sababu nimeona wengi wakikosea: kanuni hiyo humbana aliyepewa ruhusa ya kusoma tu. Ukimpa mtu ruhusa ya kuhariri katika eneo la kazi, yaani pale ripoti zinapohifadhiwa ndani ya programu hiyo, anaona kila kitu. Kuificha safu isionekane pia si kuilinda. Na kile kiungo cha kuchapisha kwa mtandao mzima hakiulizi jina wala nywila. Yeyote aliye nacho anaweza kuzifikia hata data za kina ambazo michoro inazijumlisha. Nimekizima kwa ofisi nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata isingekuwapo, deni la mtu ni siri yake.

Mhasibu yule alilifuta faili na kunithibitishia. Nilikwenda Jambiani vilevile, nikakaa na kina mama bandani na kuwaeleza kilichotokea, nani aliona na nini. Walinisikiliza bila kelele. Kisha mama mmoja akauliza, “Na mume wangu akija kwa karani kutaka kujua nimeuza kilo ngapi, ataoneshwa?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu kanuni zangu zote zilikuwa zimemfikiria mtu wa mbali. Nilirudi mjini nikaandika utaratibu wa mizanini: karani humsomea mkulima hesabu yake mwenyewe, kwa sauti ya chini, baada ya kumtambua, na hamsomei mtu mwingine isipokuwa mkulima amemtaja kwa kinywa chake. Bamvua lililofuata nilirudi kumpelekea jibu yule mama.